Nusukaputi, Ganzi na Usingizi: Uhakiki wa Lugha ya Tiba kwa Mjamzito Anayepasuliwa Ubongo, Shinyanga na Ukanda wa Dhahabu wa Geita

IKISIRI

Uhakiki huu unachunguza maneno matatu ambayo Kiswahili cha Tanzania huyatumia kwa dawa za kuondoa maumivu na fahamu wakati wa upasuaji: nusukaputi, ganzi na usingizi. Maneno hayo yanapimwa kwa hali iliyo ngumu kuliko nyingi, yaani ya mjamzito anayehitaji kupasuliwa ubongo na ambaye huenda akajifungua siku hiyohiyo. Eneo linalorejelewa ni Shinyanga na ukanda wa dhahabu wa Geita. Hoja inayotetewa ni kwamba maneno yote matatu hutaja anachopoteza mgonjwa na kunyamazia kazi ya anayemlinda, na kwamba ukimya huo huifanya ridhaa ya mgonjwa kuwa ridhaa ya nusu.

1.0 Utangulizi

Mwanamke mwenye mimba ya miezi saba akianguka, akakakamaa na kutokwa na povu mdomoni, iwe katika kijiji cha Kahama au katika machimbo ya wachimbaji wadogo ya Nyarugusu, hupewa jina kabla ya kupewa dawa. Atasemwa kuwa ana degedege, au kifafa, au kifafa cha mimba, au kwamba ametupiwa kitu. Kila jina hufungua njia yake. Degedege, ambalo katika imani za watu wengi huhusishwa na pepo mwenye umbo la ndege, huelekeza kwa mganga. Kifafa huleta hofu ya kuambukizwa kwa mate na povu; basi aliye karibu husita kumgeuza mgonjwa ubavu, ilhali kumgeuza huko ndiko kungeokoa pumzi yake. Kifafa cha mimba huelekeza hospitalini, alikopaswa kwenda tangu mwanzo.

Hata hivyo, jina hilo la mwisho nalo halimalizi jambo. Mjamzito anaweza kudegea kwa sababu ya shinikizo la damu la mimba, na anaweza kudegea kwa sababu ya uvimbe au damu iliyovuja ndani ya fuvu. Hali ya kwanza hutibiwa kwa magnesiamu salfeti na kwa kukamilisha uzazi. Jaribio kubwa la kimataifa lililochapishwa mwaka 1995 lilionesha kuwa dawa hiyo huzuia kurudi kwa degedege hizo kuliko diazepamu na fenitoini. Hali ya pili huhitaji mpasuaji wa ubongo. Kwa mkazi wa Shinyanga au Geita, njia hiyo ya pili huelekea Bugando, hospitali ya rufaa ya kanda iliyofunguliwa Mwanza mwaka 1971, au Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dar es Salaam. Huko hukutana na kundi jingine la maneno, yale ya dawa itakayomwondolea maumivu na fahamu. Kundi hilo ndilo linalohakikiwa hapa.

2.0 Mizani ya Uhakiki

Wanaistilahi wa Kiswahili wamezoea kuyapima maneno mapya kwa vigezo vya PEGITOSCA vilivyopendekezwa na Kiingi, vikiwamo usahihi, uwekevu, uzalishi, uwazi, kuepuka matusi, mfumo na kukubalika. Vigezo hivyo vina manufaa, na uhakiki huu unavitumia. Upungufu wake ni kwamba humtazama mtunga istilahi na mtumiaji wake mwenye taaluma. Havimuulizi msikilizaji ambaye, baada ya kulisikia neno, atatakiwa kuweka sahihi au dole gumba. Kwa istilahi za tiba, msikilizaji huyo hawezi kuachwa nje ya mizani. Kwa hiyo kinaongezwa kigezo kimoja: neno linamwezesha mgonjwa kujua anachokikubali?

Susan Sontag, katika kitabu chake cha mwaka 1978 kuhusu ugonjwa na sitiari, alitetea kuvuliwa kwa magonjwa sitiari zinazoyazunguka. Rai hiyo ina uzito, lakini haiwezi kuhamishiwa hapa bila marekebisho. Maneno yote matatu yanayohakikiwa ni sitiari tangu kuzaliwa kwake, na hakuna neno tupu lililofichika nyuma yake ambalo lingebaki baada ya kuyavua. Kinachowezekana ni kuchagua sitiari kwa uangalifu na kusema wazi inapokoma.

3.0 Maneno Matatu

3.1 Nusukaputi

Neno hili limeundwa kwa nusu, neno la Kiswahili, na kaputi, ambalo kwa kawaida hunasibishwa na neno la Kijerumani lenye maana ya kuharibika au kufa. Ni kumbukumbu ya enzi za utawala wa Kijerumani. Kamusi zimeliingiza, na wazee bado hulitumia. Kwa kigezo cha uwekevu neno hili ni hodari, na kwa kigezo cha ukweli lina jambo ambalo maneno mengine hayana: halimfichi mgonjwa hatari. Anayeambiwa kuwa atapigwa nusukaputi anajua kwamba atakaribia mpaka.

Tatizo ni kwamba hatari hiyo inasemwa bila mtu wa kuizuia. Nusu ya kwanza ya kifo imetajwa, lakini anayehakikisha kwamba nusu ya pili haifiki hakutajwa. Tena kitenzi kinachoambatana nalo ni kupigwa, kana kwamba tiba yote ni pigo moja lililokwisha. Kwa mjamzito neno linazua swali jingine lisilojibika ndani yake: kama mama amekuwa nusu, mtoto amekuwa nini?

3.2 Ganzi

Ganzi ni hali inayofahamika na kila mtu. Ni ile ya mguu uliokaliwa muda mrefu na ya meno yaliyouma embe bichi. Kwa sababu hiyo neno lina uwazi mkubwa, na dawa ya ganzi hueleweka haraka: sehemu itakufa hisia, mwenyewe atabaki macho. Sindano ya mgongo, ambayo imekuwa njia ya kawaida ya kumwandaa mama anayejifungua kwa upasuaji, huelezwa kwa neno hili bila taabu.

Uwazi huo una gharama. Ganzi ya mguu huondoka yenyewe na haina madhara. Basi dawa ya ganzi huchukuliwa kuwa ndiyo njia salama wakati wote, na usingizi kuwa njia ya hatari. Kwa mjamzito mwenye uvimbe mkubwa ndani ya fuvu mpangilio huo unaweza kugeuka. Sindano ikitoboa utando wa uti wa mgongo, maji yakapungua chini huku shinikizo likiwa juu kichwani, ubongo unaweza kusukumwa kuelekea tundu la chini ya fuvu na kubana sehemu inayoendesha pumzi. Familia inayouliza kwa nini daktari amekataa ganzi haiulizi kwa ujinga. Inauliza kwa kufuata mantiki ya neno ililopewa.

3.3 Usingizi

Neno hili ndilo lililotawala hospitalini leo: dawa ya usingizi, mtaalamu wa usingizi, daktari bingwa wa usingizi. Linakubalika, linazalisha maneno mengine, na linatuliza. Lakini kwa usahihi ndilo dhaifu kuliko yote. Aliyelala huamshwa kwa kuitwa jina. Aliyepewa dawa haamki kwa wito wala kwa kisu. Aliyelala hupumua mwenyewe. Mgonjwa wa upasuaji wa ubongo huingizwa mrija kooni na kupumuliwa na mashine au na mkono wa mtu. Dawa ya usingizi ni pia jina la kidonge cha mtu anayekosa usingizi nyumbani, na wengine hufika hospitalini wakidhani ni kitu kilekile.

Kitenzi chake kinaongeza utata. Kulazwa ni kupewa kitanda wodini, na ni kufanywa ulale. Amelala ni salamu ya asubuhi inayohusu mtoto, na ni tafsida ya msiba. Ndugu anayepigiwa simu kutoka Mwanza na kuambiwa kwamba mgonjwa amelazwa na sasa amelala anaweza kupokea habari tatu tofauti kwa sentensi moja.

Kuna pigo jingine kwa neno hili. Ubongo wenyewe hauhisi maumivu. Kinachouma ni ngozi, na utando unaouzunguka ubongo. Ndiyo maana kuna upasuaji wa ubongo unaofanywa mgonjwa akiwa macho, akizungumza na kuhesabu, ili mpasuaji asiguse mahali pa lugha. Njia hiyo imewahi kutumiwa hata kwa wajawazito katika nchi nyingine. Hapo mtaalamu wa usingizi anafanya kazi yake yote bila usingizi kuwapo. Istilahi inayokosa maana mahali ambapo taaluma imefika mbali zaidi ni istilahi iliyotaja sehemu badala ya kitu kizima.

4.0 Kazi Isiyotajwa

Ili kuona kilichoachwa nje, ni lazima kuieleza kazi yenyewe. Mjamzito huhesabiwa kuwa na tumbo lililojaa hata kama amefunga, kwa kuwa mimba hulegeza mlango wa juu wa tumbo. Basi mrija wa hewa huingizwa upesi kabla chakula hakijapanda na kuingia mapafuni. Kuanzia wiki ya 20 hivi halazwi chali, kwa sababu mfuko wa uzazi hukandamiza mishipa mikubwa ya damu. Huinamishwa upande wa kushoto. Hifadhi ya hewa mapafuni mwake ni ndogo, hivyo dakika chache za kukosa pumzi humwumiza upesi kuliko mtu mwingine.

Kisha zinakuja amri zinazopingana. Mpasuaji anataka ubongo usinyae, na mojawapo ya njia ni kumpumulisha mgonjwa kwa haraka ili hewa ukaa ipungue katika damu. Mfuko wa uzazi unataka kinyume chake, kwa kuwa hewa ukaa ikipungua kupita kiasi damu inayomfikia mtoto hupungua pia. Mjamzito tayari ana hewa ukaa ya chini, kiasi cha milimita 30 za zebaki badala ya 40 za mtu mwingine, kwa hiyo nafasi ya kucheza ni finyu. Shinikizo la damu likipanda, mshipa uliodhoofika kichwani unaweza kupasuka. Likishuka, kondo la nyuma linakosa damu. Dawa ya kupunguza maji ya ubongo huvuka kondo na kumfikia mtoto, na dawa ya usingizi pia. Magnesiamu iliyozuia degedege huongeza nguvu ya dawa za kulegeza misuli. Mimba ikiwa imekomaa, mara nyingi mtoto hutolewa kwanza, kisha fuvu likafunguliwa. Ikiwa changa na mama ametulia, ubongo hupasuliwa mimba ikiwa mahali pake.

Yote hayo ni kazi ya kulinda, saa baada ya saa, wawili kwa wakati mmoja, mbele ya mizani isiyotulia. Nusukaputi, ganzi na usingizi havina hata silabi moja ya kazi hiyo. Kinachotajwa ni kilichoondolewa: uhai nusu, hisia, uamkaji. Matokeo yake huonekana mahali pawili. Kwanza, anayetoa ridhaa anadhani amekubali sindano moja, kumbe amekubali ulinzi mrefu wenye maamuzi magumu kuhusu mtoto wake. Pili, kazi isiyo na jina ni rahisi kusahauliwa inapohesabiwa mahitaji ya hospitali: watu huuliza kama mpasuaji yupo, na hawaulizi kama yupo wa kulinda pumzi.

5.0 Vitenzi vya Uzazi

Ni haki kuangalia mahali ambapo lugha imefanikiwa. Kiswahili kina vitenzi vitatu kwa tukio moja. Kuzalishwa humweka mkunga mbele. Kupasuliwa humweka mpasuaji mbele na kumfanya mama kuwa kitu cha kutendwa. Kujifungua humfanya mama mwenyewe kuwa mtendaji, kwa kiambishi kimoja kidogo: ji.

Kirai kujifungua kwa upasuaji kinaonekana kujipinga, kwa kuwa aliyepoteza fahamu hawezi kujifungua kwa maana ya neno. Lakini upinzani huo ndio ubora wake. Upasuaji umetajwa waziwazi, hakuna kilichofichwa. Na bado tendo halikuondolewa mikononi mwa mama. Hadhi hiyo si jambo dogo kwa jamii ambako mwanamke aliyezaa kwa kisu anaweza kudhaniwa kuwa alishindwa. Kihistoria pia, ugomvi wa dawa na uzazi ulikuwa ugomvi wa neno. James Young Simpson alipoanza kutumia klorofomu kwa wanawake waliokuwa wakijifungua, Edinburgh, mwaka 1847, baadhi ya wapinzani walishika aya ya Mwanzo inayosema kwamba mwanamke atazaa kwa uchungu. Katika Kiswahili uchungu si sifa ya uzazi tu, ni jina la uzazi unapoanza. Kumwondolea mtu uchungu bila kumwondolea uzazi wake ni jambo ambalo kirai hiki kimelimudu. Lugha ya usingizi haijafika hapo.

6.0 Sauti Kabla ya Usingizi

Kwa nini jambo hili lisiachwe kwa wataalamu peke yao? Jibu moja lipo katika historia ya karibuni ya nchi. Novemba 2007, katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, wagonjwa wawili walioshiriki jina la kwanza walibadilishana upasuaji: aliyekuja kwa goti alipasuliwa kichwa, na aliyekuja kwa kichwa alipasuliwa goti. Tukio hilo lilijulikana nchi nzima. Kwa uhakiki wa lugha linafundisha kwamba, mara dawa inapoingia, mtu wa pekee anayejua kwa hakika yeye ni nani na amekuja kwa nini amenyamazishwa. Kila neno la kinga lazima liwe limesemwa kabla.

Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya usalama wa upasuaji, inayosomwa kwa sauti katika nyakati tatu: kabla ya dawa, kabla ya kisu, na kabla ya mgonjwa kutoka chumbani. Miongoni mwa hospitali nane zilizoijaribu ilikuwamo ya Ifakara, Tanzania. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionesha vifo vikishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8 katika hospitali hizo kwa ujumla. Katika wakati wa kwanza mgonjwa mwenyewe huulizwa jina lake, mahali patakapopasuliwa, aina ya upasuaji na ridhaa yake. Kama utanzu, orodha hiyo ni majibizano ambamo mgonjwa ana zamu moja tu ya kusema. Zamu hiyo haina maana kama maneno aliyopewa ni usingizi na ganzi tu, na ni finyu zaidi kwa mwanamke ambaye lugha yake ya kwanza ni Kisukuma, Kisumbwa au Kizinza.

Shinyanga ina mfano wa namna neno la awali linavyoamua safari. Mpango wa m-mama, uliojaribiwa Sengerema na kupanuliwa Shinyanga kabla ya kutangazwa kuwa wa kitaifa mwaka 2022, huunganisha mama mwenye dharura na dereva wa jirani kwa simu ya bure ya 115. Anayepokea simu hana macho ya kumwona mgonjwa. Ana maneno ya mpigaji tu. Anayesema mama amezimia na anayesema mama anadegea hawajasema kitu kimoja. Kadhalika, daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025 limeondoa kungoja kivuko kwa magari yatokayo Geita kwenda Mwanza. Safari ikifupishwa, muda wa maelezo njiani nao hufupika, na uzito wa neno la kwanza huongezeka.

7.0 Pingamizi na Pendekezo

Pingamizi linalotarajiwa ni kwamba maelezo marefu hayafai kwa wanakijiji, kwa kuwa hawatayaelewa. Ukanda wa dhahabu wenyewe unalikanusha. Watu wasiokanyaga sekondari hutumia kila siku istilahi za kazi ngumu: duara, karasha, mwalo, kuchenjua, zebaki. Waliyajua maneno hayo kwa sababu maisha yao yalitegemea tofauti kati ya moja na jingine. Hapa pia maisha yanategemea tofauti hiyo.

Uhakiki huu haupendekezi istilahi mpya ya kuchukua nafasi ya usingizi. Neno lililokwisha kukubalika halifutwi kwa amri. Linahitaji kuandamana na kitenzi cha ulinzi. Mahali pa kusema tu kwamba mgonjwa atapewa dawa ya usingizi, fomu ya ridhaa na mtoa maelezo waseme kwamba atapewa dawa ya kumtoa fahamu, na kwamba mtaalamu atakaa naye kulinda pumzi na damu yake na ya mtoto hadi azinduke. Kuzinduka kunafaa kuliko kuamka, kwa sababu kunahusu fahamu na hakuhusu usingizi wa kawaida.

Machimbo yana sitiari inayoweza kusaidia maelezo hayo. Anayeshuka duarani humtegemea aliyebaki juu ameshika kamba. Mshika kamba hachimbi, wala hasifiwi dhahabu inapopatikana. Lakini akiondoka, hakuna uchimbaji. Sitiari hii inataja hatari kama nusukaputi ilivyoitaja, na inaongeza mlinzi ambaye nusukaputi ilimsahau. Ina mpaka wake pia. Duara huporomoka, na jina lake linaweza kuamsha msiba katika nyumba iliyozika mchimbaji. Aidha mshika kamba ana mtu mmoja chini, ilhali mlinzi wa mjamzito ana wawili. Kwa hiyo itumike kwa kumjua msikilizaji, isichapwe katika kila fomu.

8.0 Hitimisho

Maneno matatu yaliyohakikiwa yana ubora tofauti: nusukaputi ina ukweli wa hatari, ganzi ina uwazi, usingizi una faraja. Yote yana kasoro moja, kwamba yametaja kinachoondoka na kumwacha anayebaki. Kwa upasuaji mdogo kasoro hiyo huvumilika. Kwa mjamzito anayefunguliwa fuvu haivumiliki, kwa sababu anachoombwa kukubali ni ulinzi wa watu wawili wenye mahitaji yanayogongana, na atakaponyamaza hataweza kuuliza tena. Kigezo cha msikilizaji kinastahili kuingizwa katika tathmini ya istilahi za tiba, na mahali pa kukijaribia ni pale mgonjwa anapoulizwa jina lake kabla ya dawa.